Mlango Uliofunguka kwa Jina

Jana mchana usingizi ulinikuta kwenye kiti cha ofisini, nami nikaota ninaajiriwa upya.

Mimi ni Kamanda Kissa Mwaisumo. Nina miaka thelathini kazini, na ishirini na sita kati ya hiyo nimemwinda mfanyabiashara mmoja wa dawa za kulevya ambaye hakuna askari aliyewahi kumjua kwa jina wala kwa sura. Nimebakiza miezi minne nistaafu.

Ndotoni niko chuo cha polisi. Mkufunzi ananiletea kiapo kwenye sahani ya bati.

"Kula," ananiambia.

Ninakula. Ni kikavu, hakina mchuzi. Namwuliza kama wenzangu wamemaliza.

"Wengine walibakiza," anajibu. "Vituo tutawapangia hivyo hivyo."

Kisha natakiwa kupanda cheo. Cheo chenyewe ni ngazi ya mianzi iliyoegemezwa ukutani. Kila nikipanda kipandio kimoja, nyota inanirukia begani. Ya tatu inaniinamisha.

"Mbona wewe mzito?"

"Nilitolewa mwaka ule mliokamata madereva tu," nyota inasema.

Naendelea kupanda. Juu sikuti paa, nakuta mashine ya kusaga nafaka. Gunia moja linaniamkia.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Wewe ni unga gani?"

"Sembe. Unayemtafuta anauza ule mwingine. Anakaa nyumba ya mlango wa chuma, huko mpakani, ila mlango wake haufunguki kwa ufunguo."

"Unafunguka kwa nini?"

"Kwa jina."

Serikali ina mkono mrefu, kwa hiyo naunyoosha wangu. Unatoka dirishani, unavuka mashamba ya viazi, unapita juu ya kituo cha forodha bila kukaguliwa, mpaka vidole vinagusa chuma baridi. Nabisha. Sauti ya mwanamume inauliza kwa adabu:

"Unamtaka nani?"

Jina silijui. Mkono unaanza kuuma, lakini siurudishi. Nataka kujua.

Hapo nimekaa kwenye benchi la kituo changu cha kwanza, mkono ukiwa bado huko mlangoni. Kushoto kwangu limekaa jalada la kesi. Kulia yupo Bi Tusekile, muuza maziwa, ambaye mwanawe Lusajo aliuawa na unga. Ndiye shahidi wa kwanza niliyemhoji katika kesi hii, nikiwa konstebo. Hajazeeka hata kidogo.

"Mama, aliyempa mwanao unga ni nani?" namwuliza, kama siku ile.

"Sijaona."

"Basi, kama hukuona..."

Jalada linakohoa. "Afande, mashahidi kumi na wanne mmewauliza ni nani, na wote wamejibu neno hilo hilo. Hakuna uliyemwuliza maana yake."

Namgeukia Bi Tusekile. "Sijaona ni mtu?"

"Sijaona Kapungu," anasema taratibu. "Mama yake alizika watoto watatu kabla yake, akampa jina hilo, kwamba raha hajaiona. Nilikutajia. Ukaandika, ukanishukuru, ukanisindikiza mlangoni."

Huko mpakani, mlango unafunguka chini ya vidole vyangu.

Nikaamka. Ilikuwa saa tisa na robo. Nikaenda stoo ya majalada, nikachomoa maelezo ya Bi Tusekile, niliyoyaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Mstari wa saba ulisema: *Nilimwuliza aliyempa mwanawe unga ni nani, akanijibu Sijaona.*

Herufi ya kwanza ya neno la mwisho ilikuwa kubwa. Katikati ya sentensi, bila nukta kabla yake. Nikasoma mara tatu. Mkono wangu ulikuwa umelisikia jina; mimi sikulisikia.

Nikampigia simu Bi Tusekile. Sauti yake sasa ilikuwa ya bibi kizee. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anamfahamu mtu aitwaye Sijaona.



"Umechelewa kuuliza, mwanangu," akasema. "Lakini nyumba yake naijua. Andika."