Mng'aro wa Siku ya Baraka

Asubuhi ya sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, Otilia aliisugua baiskeli ya mumewe tangu usukani hadi tairi la nyuma. Siku hiyo padri hubariki vyombo vya barabarani, na hakuna dereva wa mkoa ule wa Boyacá anayethubutu kumpelekea Bikira chombo kichafu. Wenye malori walikwisha kupaka tairi na vyuma vyao mafuta, vikang'aa. Baiskeli ya mumewe, Campo Elías, ilikuwa ya milimani, imenunuliwa mtumba mwezi uliopita, na Otilia hakutaka ionekane fukara mbele ya malori. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia, akasugua fremu, spoku, na zile sahani mbili nyembamba za chuma katikati ya magurudumu. Kila sehemu aliimalizia kwa Salamu Maria.

Padri alianza na baiskeli. Campo Elías alipanda yake maji ya baraka yakiwa bado yanamtiririka kwenye kofia yake nyekundu.

"Polepole, mzee," Otilia alimwambia. "Mteremko ule hauna huruma."

"Nimebarikiwa sasa hivi, mama, nawe unaniogopea?"

Akashika njia ya mjini, kilomita nane za kuteremka tu.

Ndipo akafika Parmenio, fundi baiskeli, amechelewa kama kawaida yake.

"Umekosa, kaka Parmenio!" Otilia alimtania. "Ungeona nilivyoing'arisha. Hata malori yameona aibu."

"Umetumia nini, dada? Machozi ya shetani?"

"Mafuta ya kupikia."

Parmenio aliacha kucheka. "Kwenye mnyororo?"

"Kila mahali. Zile sahani za katikati ndizo zilizong'aa kuliko vyote."

"Dada Otilia, zile ni diski. Breki hubana pale; pakiwa na mafuta hazishiki. Nilimwambia mumeo: mnyororo tone moja moja, kisha ufute, diski usiiguse hata kwa kidole."

"Ulimwambia yeye. Mimi hukuniambia."

Parmenio alikuwa tayari anaivuta baiskeli yake kutoka ukutani.

"Mpigie simu!" alisema akipanda.

Simu ya Campo Elías ilikuwa mfukoni mwa Otilia. Alikuwa amempa amtunzie, isilowe maji ya baraka.

Kutoka uwanja wa kanisa barabara huonekana vipande vipande, kona baada ya kona. Otilia alisimama kwenye ukuta. Kofia nyekundu ilipita kona ya tatu, ndogo kama punje ya mahindi. Akaita, ingawa alijua sauti haifiki hata nyumba ya jirani. Kona ya nne ikapita upesi. Ya tano ikapita upesi zaidi. Alianza Baba Yetu, akapotea katikati, akaanza tena. Alikodolea macho kona ya sita. Parmenio alipita ya tatu. Kwenye ya sita hakutokea mtu.

Otilia alishuka kwa miguu, viatu vya sikukuu mkononi. Hakuwa na ombi lenye maneno; alisema tu, "Ee Mama, ee Mama," kila hatua.

Aliwakuta katika shamba la viazi chini ya barabara. Campo Elías alikuwa ameketi matutani, uso una udongo, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Parmenio alikuwa amemshikilia bega.

"Nilizibana breki zote mbili, hazikushika," Campo Elías alisema akihema. "Bikira ndiye aliyeniwekea hivi viazi."

"Ni mimi," Otilia alisema.

"Wewe umefanya nini?"

Akamwambia. Parmenio alitazama baiskeli iliyolala kando, gurudumu la mbele limekunjika.

"Mbona hukuniuliza?" Campo Elías akasema, si kwa hasira, na hilo lilimwumiza Otilia zaidi. Alipiga magoti, akauinua ule mkono kwa viganja vyote viwili, kwa kuwa Parmenio alimwambia asiuache uning'inie.

Juu yao msafara wa malori yaliyobarikiwa ulianza kuteremka, maua na bendera, honi zikiimba. Parmenio alikimbilia barabarani akipunga shati. Dereva wa lori la kwanza alimpungia naye kwa furaha, akapita. Wa pili akapiga honi mara tatu, akapita.

"Simameni!" Otilia alipiga kelele. Mikono yake ilikuwa imeushika mkono wa mumewe, hakuweza kuipunga.