Watu Sita wa Lankasta

Wivu hauna adabu, jamani. Mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wa kupanga foleni, kaacha suruali ya watu mezani anakodolea simu huku roho inamchonyota. Kisa? Mdogo wake kaficha vikopo kumi.

Tuanze na hivyo vikopo. Kuna mchezo ambao mtu huficha kikopo mahali wanapopita watu, chini ya benchi au nyuma ya nguzo, halafu huweka mtandaoni namba za mahali hapo. Wenzake wanazitia kwenye simu, wanafuata mshale mpaka karibu, wanapapasa wee mpaka wakipate. Ndani mna karatasi. Unaandika jina lako la mchezo na tarehe, unakirudisha kama ulivyokikuta, halafu unaripoti mtandaoni kwamba umekiona au hukukiona. Zawadi hakuna. Ila jina la kwanza kwenye karatasi lina heshima yake, na katika mji ule jina la kwanza lilikuwa Sindano. Ndiye huyo fundi cherehani. Wachezaji walikuwa wakisema, ukimwona Sindano katoka dukani na raba miguuni, rudi tu nyumbani ukalale.

Mdogo wake, ambaye kwao anaitwa Kitinda mpaka leo ingawa ana watoto wawili, aliingizwa mchezoni na dada yake huyohuyo. Akacheza kidogo, akatulia. Mara paap, akatoa mfululizo wake: vikopo kumi, kila kimoja na jina la ndege ya zamani ya vita. Spitfaya, ya rubani mmoja peke yake. Moskito, ndege ya mbao, kikafichwa kwenye uzio wa karakana ya seremala. Dakota, mbeba mizigo, kikawekwa kituo cha malori. Na kila kikopo kilikuwa na kisa chake mtandaoni, na kila kisa kilianza hivi: "Baba alikuwa akiniambia..."

Akiniambia! Hapo ndipo Sindano alipowaka.

Baba yao alikuwa fundi wa injini katika karakana ya uwanja wa ndege. Hizo ndege za vita hakuzishika hata siku moja. Alizijua kwenye vitabu chakavu alivyoachiwa na fundi mwenzake, akavisoma mpaka kurasa zikaachana. Jumapili mchana alikuwa anampakata Kitinda, wakati huo ana miaka mitano, anammwagia visa. Sindano alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yuko zamu hospitali, kwa hiyo sare za shule za wote zinamsubiri nani? Sindano, koridoni, na pasi. Hakuna aliyemwita aje akae. Na baba alipozeeka akaanguka kitandani, aliyemwogesha ni nani, aliyemgeuza ubavu ni nani? Sindano huyohuyo. Leo visa vina mwenyewe, na mwenyewe ni Kitinda.

Sifa nazo zikamiminika. Wachezaji wanakuja dukani kupima nguo, wanaanza: "Mdogo wako kafanya kazi! Baba yenu alikuwa mtu wa maana." Sindano ana pini mdomoni, anajibu, "Mm." Mmoja akamwambia, "Kumbe nawe ni mtoto wake?" Huyo alishonewa sketi ikambana mwaka mzima, na haki yake.

Vikopo tisa Sindano alivipata bila jasho, lakini kwenye vitatu alikuta katanguliwa, maana alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Basi akaapa. Kikopo cha kumi, jina la kwanza litakuwa lake, potelea mbali harusi za watu. Kwa baba yake mzazi hatangulii mgeni.

Cha kumi kilikuwa Lankasta, ile ndege kubwa ya mabomu. Namba zake hazikutolewa wazi. Ilibidi uzijaze mwenyewe kwa majibu: Spitfaya ina viti vingapi, Dakota ina injini ngapi, Lankasta ilibeba watu wangapi. Tarakimu moja ikikosewa, simu inakupeleka kwingine kabisa. Watu wakafungua vitabu, wakaona Lankasta ni watu saba, wakajaza saba, mshale ukawapeleka kwa waosha magari. Wakapekua mitaro na matairi mabovu mpaka wakafukuzwa kwa mpira wa maji. Jumamosi Sindano naye alikuwemo, akarudi dukani raba zinachuruzika.

Akawasha pasi ajikaushie soksi. Na mvuke ulipompanda usoni, akamsikia baba waziwazi, kama yuko chumba cha pili: "Lankasta ni watu sita, mwanangu. Wa mkiani simhesabu, huyo kakaa kivyake huko nyuma." Alikuwa akikosea hivyo kila Jumapili kwa makusudi, na kila Jumapili Kitinda anabishana naye mpaka wanacheka.

Sindano alichomoa pasi, akajaza sita. Mshale ukampeleka nyuma ya maktaba, kwenye ukuta wa mawe. Jiwe la tatu lilikuwa linacheza. Kikopo hiki hapa, karatasi nyeupe, hajatia mtu kalamu. Isipokuwa juu kabisa, mwandiko wa Kitinda: "Kwa Baba, aliyenisimulia mimi."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Aliisoma ile "mimi" mara tatu. Kisha akaikunja karatasi, akairudisha, akasukuma jiwe, akaandika kwenye simu: "Nimetafuta sana. Hakipo." Akatembea kurudi dukani mwepesi kabisa, anapiga mluzi.

Sasa, Sindano akisema hakipo, nani mwingine atahangaika? Kufikia Jumatano watu walikuwa wamemshukia Kitinda. Hesabu zake mbovu, kikopo hakuna, anapotezea watu muda. Mmoja akaandika kwamba huyo baba mwenyewe huenda ni wa kubuni.

Kitinda akaja dukani macho mekundu, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Dada, niambie ukweli. Kama hata wewe umekikosa, labda mimi ndiye niliyekosea. Baba alisema Lankasta ni watu sita, si ndiyo?"

Sindano aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani. "Nitajuaje? Aliyesimuliwa ni wewe."

"Si ulikuwepo!"

"Nilikuwa napiga pasi."

Kitinda akainama. "Basi nimezua. Mtoto wa miaka mitano anakumbuka nini? Labda na Moskito nimeizua. Labda hata hakuwa ananipakata, nimejitungia tu." Akatoa simu. "Ngoja niufute mfululizo wote. Bora hivyo kuliko kumsingizia marehemu."

Haya, Sindano, si ndicho ulichokitaka? Kidole cha mdogo wake kilikuwa juu ya kioo. Na Sindano, ambaye tangu Jumamosi alikuwa anajiona mshindi, akaona baba yake anafutika, wa Kitinda na wake yeye pia, maana visa ni vilevile.

Akasimamisha cherehani. "Acha! Alisema sita."

"Dada, usinihurumie."

"Nani anakuhurumia? Alisema, 'Wa mkiani simhesabu, huyo kakaa kivyake huko nyuma.' Siku moja ulicheka mpaka ukamwaga chai yake yote. Nani alideki? Mimi." Akachomoa kitambaa chini ya sindano. "Na kikopo kipo. Nimekishika Jumamosi. Niliandika uongo."

Kitinda akaiweka simu magotini. "Watu wamenitukana siku nne kwa sababu yako."

"Najua. Nilikuwa nasoma."

"Kwa hiyo visa ulivisikia?"

"Vyote."

"Sasa mbona miaka yote hii unanilaumu kwamba wewe hukusimuliwa kitu?"

"Kusikia si kusimuliwa," Sindano alisema.

 Kitinda alichezea utepe wa kupimia uliokuwa umening'inia mezani, akauviringisha kidoleni, akauviringua.

"Unajua kwa nini nimeviandika?" alisema mwishowe. "Kwa sababu ndivyo pekee nilivyobaki navyo. Ule mwezi wake wa mwisho, ukitoka kwenda dukani nikabaki naye, alikuwa haniiti mimi. Nampa uji, anaita jina lako. Namfunika shuka, anaita jina lako. Sikukwambia. Niliona kijicho."

Pasi ilikuwa imepoa. Nje mteja alibisha hodi, akachungulia, akaona sura zao akarudi alikotoka. Dada mwenye akili angesema pole. Dada mwema angeinuka akamkumbatia mdogo wake, na huenda Sindano alifanya hivyo baadaye.

"Mara ngapi?" akauliza.