Klachi ya Gari la Clem

Mtu mwenye akili zake timamu, pensheni yake na magoti mabovu halali chali chini ya gari ila kwa sababu moja: amekwisha kujisifu. Neville Ziebarth alijisifu Jumapili, mezani, mdomo umejaa nyama ya kondoo, kwamba klachi ya gari la Clem ataibadilisha mwenyewe, tena hapo hapo nyumbani. Mkewe Lorna aliacha kutafuna. Mama mkwe wake, Elvie, alimtazama kwa upole ule unaouma kuliko tusi.

Gari lenyewe, Holden ya mwaka sitini na nne, aliliacha marehemu Clem, mume wa Elvie. Klachi ilikuwa imekwisha: ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele, gari linajikokota. Na Ijumaa mchana shamba la karanga la Clem, nje kidogo ya mji wa Kingaroy, lilikuwa linakabidhiwa kwa watu waliolinunua. Elvie, aliyekwisha kupita miaka tisini, alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: aingie shambani kwake kwa mara ya mwisho ndani ya gari la mumewe, si ndani ya kibasi cha nyumba ya wazee kinachompandisha kwa mashine kama gunia.

Lorna alisema waite fundi. Neville akajiona kama amevuliwa suruali. Huko Kingaroy mwanamume anayeita fundi kwa kitu kinachofunguka kwa spana husemwa mpaka kwenye foleni ya mkate. Tena, tangu siku ya harusi Elvie alimwita "mwalimu", na alivyolitamka yeye neno hilo, maana yake ilikuwa mtu asiyejua kupigilia msumari. Clem, yeye, alijua kila kitu. Clem alitengeneza pampu, trekta, na meno yake mwenyewe ya bandia. Sasa wewe uwe mkwe wa mtu kama huyo, utafanya nini zaidi ya kujisifu?

Basi akaingia chini ya gari. Alipofungua bolti ya mwisho giaboksi ikamshukia kifuani, akabaki amelala nayo wamekumbatiana, akiwaza kwamba hata Lorna hamkumbatii hivyo siku hizi. Akajicheka peke yake, kisha akaacha kwa sababu mbavu zilimuuma.

Alhamisi saa nne asubuhi, sahani mpya ya klachi iko mkononi tayari kuingia, chai ikafika. Na kwa watu wa huko saa nne ni saa nne. Nyumba inaweza kuungua lakini chai lazima inywewe. Neville akaiweka sahani juu ya benchi, akakaa na majirani zake, Merv na Darryl, waliokuja kusaidia, yaani kusimama mikono mifukoni. Merv akaichukua ile sahani, akaipima uzito, akaigeuza, akasema siku hizi hawatengenezi vitu kama zamani. Darryl naye akaigeuza, akaunga mkono. Ikazunguka kati yao pamoja na biskuti. Chai ilipokwisha, Neville akaichukua vile vile ilivyolala, akarudi nayo chini, akailenga sawa katikati kwa kipande cha mpini wa ufagio, akakaza bolti huku anapiga mluzi. Sahani hiyo ina uso na mgongo, na imeandikwa kabisa upande upi uelekee injini. Mtu aliyewafokea watoto wa shule maisha yake yote kwamba wasome swali kwanza, hakusoma.

Ijumaa asubuhi Lorna alimleta mama yake, amevaa kofia ya kanisani, wakamkalisha kiti cha mbele. Neville akawasha, akakanyaga klachi, akajaribu kuingiza gia. Gia ikasaga meno. Akajaribu tena, ikasaga zaidi. Klachi haikuachia hata chembe. Papo hapo akajua alichokifanya, na masikio yakamwaka moto. Kufungua upya ilikuwa kazi ya siku nzima, na mchana ufunguo wa shamba unakwenda.

Angeweza kukisingizia kipuri. Uongo ulikwisha kumfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alipomtazama yule bibi na kofia yake, akashindwa.

"Mama, nimeiweka kinyume," alisema. "Mimi ni mjinga. Nisamehe."

Elvie hakugeuka. "Mgongo umeelekea mbele?"

"Ndiyo, Mama."

"Clem aliiweka hivyo hivyo. Mara mbili."

Neville alidhani hakusikia vizuri. Lorna, kutoka kiti cha nyuma, alisema baba yake hakuwahi kutamka jambo hilo hata siku moja.

"Angetamkaje? Alikuwa na mdomo kama huyu mumeo. Mavuno mazima nimepeleka karanga mjini bila klachi, yeye anawaambia watu anasubiri spea." Akavua glavu. "Zima. Tia gia ya kwanza, halafu piga starta. Likiruka usishtuke. Wewe shika usukani na mafuta, gia niachie mimi."

Mkono wa gia wa gari hilo uko chini ya usukani, upande wa abiria. Elvie akaunyooshea mkono wake uliojaa mishipa, akaushika.

Gari likaruka kama chura, na Merv aliyekuwa getini akaruka nalo. Elvie akamwamuru Neville aachie mafuta, na gia ya pili ikaingia bila mkwaruzo. Mjini taa nyekundu iliwanasa, ikabidi wazime injini katikati ya watu na kuondoka tena kwa kuruka, vijana wakiwapigia honi. Neville alicheka mpaka machozi. Miaka yote hiyo alikuwa akishindana na Clem, kumbe kwa ujinga walikuwa sare.

"Mwalimu, usikanyage mafuta kama unaua nyoka," Elvie alimwambia.

Shambani, wenyeji wapya walikuwa wamesimama barazani wakisubiri. Lorna akamwambia Neville asimame ili mama ashuke. Mguu wa Neville ukaelekea breki.

"Usisimame," Elvie alisema kwa sauti ndogo. "Nikishuka hapa sitaweza kupanda tena."

Neville akaelewa kwamba hazungumzii magoti. Akauondoa mguu. Wakauzunguka ua polepole kwa gia ya pili, wakapita ghala la karanga, tangi la maji, dirisha la jikoni, kisha ghala tena. Wenyeji wapya wakapunga mkono, wakaushusha, wakapunga tena, hawajui wageni hawa wanataka nini. Lorna alikuwa analia kule nyuma bila kujificha. Neville alizungusha usukani tu, akaenda mzunguko mwingine, na mwingine, akisubiri, mpaka alipouona mkono wa mama mkwe wake umekaza kwenye gia.

"Haya, achia mafuta," Elvie alisema, akaingiza gia ya tatu, wakatoka barabarani.