Saa Moja Kabla ya Chakula

Mwanamume wa wake wawili ana uongo mmoja anaoupenda kuliko wote, na Mzee Ooko wa Kisian aliutumia bila haya. Alimwambia Adongo, mke mkubwa, "Wewe ndiye utanitunzia dawa." Wiki mbili baadaye akamwambia Caren, mke mdogo, maneno yayo hayo, na kila mmoja akamwamini. Mimi nilimpenda yule mzee, fundi wa injini za maboti, mtu wa utani na kicheko. Lakini kwa hilo alistahili viboko, mvi zake zote na heshima zake kando.

Moyo ulimshtua mwezi wa pili, akiwa amechuchumaa ufukweni mbele ya injini iliyokataa kuwaka. Alilazwa Kisumu siku kumi, akatoka shati linampwaya. Siku ya kwanza ya kliniki Adongo ndiye aliyekwenda naye, maana Caren alikuwa na kibanda chake cha mitumba katika soko la Kibuye na alikuwa anafungua mzigo mpya. Nesi aliyewapokea aliitwa Sista Naswa, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimkalisha Adongo mbele yake, akamwonyesha kipakiti.

"Mama, nisikize vizuri. Hapa kuna dawa mbili ndani ya tembe moja. Kuna aspirini, ya kuzuia damu isigande ikaziba moyo tena. Sasa aspirini huwa inakwaruza tumbo, ndiyo wakaiwekea mwenzake wa kulinda tumbo. Moja kwa siku, basi. Aimeze nzima na maji. Asitafune, usimvunjie, usimsagie kwa uji. Anywe saa moja kabla ya chakula. Akisahau leo, kesho asimeze mbili eti kufidia. Asiache bila kutuuliza. Na asiende dukani kuongeza dawa ya maumivu juu ya hii."

"Kama iko na mlinzi wake ndani," Ooko akadakia, "si hata nikila kumi haitanifanya kitu?"

Sista Naswa hakucheka. "Mlinzi mmoja hulinda mlango mmoja, Mzee. Ukienda choo uone nyeusi kama lami, ama utapike damu, usingoje kesho. Kuja mbio."

Adongo aliyashika yote. Hakwenda shule sana, lakini kichwa chake kilishika neno vizuri kuliko daftari. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Ooko aliingia nyumbani kwake, akapewa tembe moja na kikombe cha maji, akameza, akafungua mdomo kama mtoto ili aonekane amemeza. Halafu wakasubiri. Saa nzima, uji ukiwa jikoni umefunikwa.

Na hiyo saa, jameni, ndiyo iliyoleta yote. Kwa miaka ishirini Ooko alikuwa akija kwa Adongo, anakula, ananawa, anaondoka. Mtu anayekula hana haja ya kuongea. Lakini mtu mwenye njaa aliyeambiwa akae atulie, atafanya nini? Ataongea. Ooko akaanza kuuliza magoti yake yanaendeleaje. Akamsimulia mambo ya injini. Asubuhi moja akamkumbusha alivyokwenda kwao kumposa akiwa amevaa viatu vya kaka yake, vikubwa, na mama mkwe akamwuliza kama miguu yake bado inakua. Walicheka hadi Adongo akashika mbavu. Akarudi kumwita "Nyar Uyoma", binti wa Uyoma, jina ambalo hakuwa amelisikia kinywani mwake tangu Caren aolewe. Adongo alifurahi, na akaona aibu kwamba furaha yake imeletwa na ugonjwa wa mumewe.

Sasa niseme habari ya Caren. Nyumba yake ilikuwa upande wa kulia wa boma, hatua thelathini kutoka mlango wa Adongo, na kwa miaka minne wake hao hawakuwa wamesalimiana. Mama yake Adongo alipozikwa Uyoma, siku ya Jumamosi, Caren alikwenda Kibuye kuuza nguo. Kwetu mtu atakusamehe ukimwibia kuku, atakusamehe hata ukimtukana mbele ya watu, lakini kukosa mazishi ya mama yake? Yawa! Hilo halina dawa. Adongo alifunga mdomo siku ile, na Caren, ambaye naye ana kichwa kigumu, akafunga wake.

Halafu kuna desturi. Mwanamume wa nyumba mbili hali sahani moja. Nyumba hii ikipika na ile ikipika, atamega huku amege na kule, hata kama ameshiba hadi kooni, kwa sababu sahani ikirudi haijaguswa ni vita. Ooko aliishi hivyo maisha yake yote. Alikula samaki huku, akala mboga kule, na amani ikawepo ya namna yake.

Siku moja, mwezi wa tano, upepo wa ziwani ulipuliza takataka za shimo la Caren zikatawanyika uani. Adongo alikuwa ameinama anaanika omena, dagaa wa ziwani. Kipande cha karatasi ya fedha kikaja kikagusa mguu wake. Akakiokota. Ilikuwa pakiti ya dawa, matundu yake yote yametobolewa, na jina lile lile lilikuwa mgongoni. Pakiti zake yeye alikuwa akizihifadhi ndani ya mkebe, kwa hivyo hii haikutoka kwake. Akatazama shimoni, akaona nyingine, na nyingine.

Alielewa papo hapo. Hapana, hakuwa mjinga, na sitaki mtu amtetee kwa kusema alikuwa mjinga.

Kesho yake Ooko alipokuja, Adongo hakumpa tembe mara moja. Aliishika mkononi.

"Ooko, kule kwa Caren unakunywa dawa?"

Mzee akatazama dirishani. "Caren ni mke. Alisema mbona dawa zote zikae kwa mikayi, kwa mke mkubwa, kwani yeye si mtu? Akanunua zake kemisti. Ningemkatalia vipi?"

"Kila siku?"

"Kila jioni. Tunakaa saa moja, halafu ananipa chakula."

Tunakaa saa moja! Adongo alidhani saa ile ilikuwa yake peke yake. Kumbe kulikuwa na nyingine, ya jioni, na pengine huko nako kulikuwa na hadithi za viatu.

"Sista alisema moja," akasema.

"Dawa iko na mlinzi wake. Nimemeza mbili siku zote hizi na sijafa."

"Iache ile ya jioni."

"Basi mwambie wewe Caren. Mimi nimechoka na vita." Halafu akanyoosha kiganja. "Ama unataka niache hii yako?"

Adongo akakitazama kile kiganja, chenye makovu ya miaka arobaini ya spana. Aliiona asubuhi ikipita bila Ooko kuingia, uji unapoa, nyumba iko kimya kama zamani. Akaiweka tembe kiganjani. Ooko akameza, akafungua mdomo aonekane, nao wakakaa kuongea.

Siku tisa zilipita hivyo. Kila siku Adongo alijiambia, leo nitavuka uani. Siku ya tatu alifika hadi katikati. Caren alikuwa anaanika nguo, akamwona, akampa mgongo. Adongo akageuka akarudi na hasira zake zote. Na aanze yeye, akasema moyoni, yeye ndiye aliyenikosea. Siku ya sita aliona Ooko anashika mwimo wa mlango kabla ya kuingia, na midomo yake imepauka. Akamwuliza. Ooko akasema ni jua, watu wote wanachoka siku hizi. Hakusema kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami tangu Jumapili. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini na yule anayeona midomo imepauka, anayejua tembe ni mbili, halafu akamimina maji kikombeni, huyo tumwite nani?

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Ooko alianguka mlangoni mwa choo. Alitapika damu, nyingi, nyeusi na yenye mabonge. Adongo akapiga ukemi hadi jirani yao Oketch akaja na gari lake la kubebea samaki. Wakamlaza nyuma juu ya magunia, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Adongo, wakaenda mjini. Njia nzima Adongo alimwambia, "Usilale, mwana wa watu. Nyar Uyoma anaongea na wewe, usilale."

Oketch ndiye aliyempigia Caren simu. Alikuja mbio kutoka Kibuye na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Laila, mpole, aliyevaa hijabu. Wakati damu ya kuongezewa inatundikwa aliwakuta wake wawili wamesimama ncha mbili za ukumbi.

"Anatumia dawa gani? Na ngapi kwa siku?"

"Ya moyo, ile iko na ya tumbo ndani," Caren akajibu haraka. "Moja. Mimi mwenyewe humpa kila jioni."

Daktari akaandika. Adongo aliona kalamu inatembea, akajua akinyamaza na hapa pia, basi yeye si mtu.

"Na mimi humpa asubuhi," akasema.

Caren akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kumtazama usoni. "Wewe humpa? Lakini aliniambia dawa imehamia kwangu!"

"Kwa hivyo mbili kila siku," daktari alisema. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu," Caren akajibu.

Daktari aliishusha kalamu. Alieleza taratibu, bila kuwagombeza: ile dawa ya tumbo hupunguza hatari, haiiondoi. Aspirini ikizidi, tumbo hupata kidonda, na damu iliyofanywa ngumu kuganda haijui kusimama. "Mnaishi boma moja?" akauliza. "Hamkuwa mnaongea?"

Caren akaivua ile futi shingoni, akaanza kuikunja.

Walimfanyia kila waliloweza. Walipitisha mpira wa kamera, wakaziba kidonda, wakamwongezea damu chupa nne. Kilichowashinda ni moyo. Ulikuwa umejeruhiwa tangu zamani, na damu ilipopungua haukustahimili. Siku ya tatu mchana Ooko alifumbua macho, akawaona wake zake wamekaa kwenye benchi moja, kwa sababu wodini benchi lilikuwa moja tu. Akatabasamu kidogo.

"Leo mmekaa pamoja," akasema.

Alikata roho kabla ya saa kumi.

Mazishi yalikuwa makubwa. Wavuvi walikuja, mafundi walikuja, na mabanda mengi ya mitumba Kibuye yalifungwa siku hiyo kwa ajili ya Caren. Adongo alilia hadi sauti ikakauka. Watu walisema ni uchungu wa mke wa ujana. Walikuwa sawa, ila walikuwa wanajua nusu.

Wiki mbili baadaye, wageni walipopungua, Caren alivuka uani. Adongo alimwona akija kutoka mlangoni mwake, hatua baada ya hatua, mpaka akaingia. Shemeji watatu wa kike walikuwa ndani wanachambua maharagwe. Caren hakukaa kitini. Alipiga magoti sakafuni.

"Mikayi," alisema, "nilikosa mazishi ya mama yako. Nilikuwa na kiburi, na baadaye niliona aibu nikashindwa kusema. Nisamehe. Kama ningekuja hapa hata siku moja tu kukuamkia, ungeniambia unampa dawa, na mimi ningeacha. Tungekuwa tunaongea, Ooko angekuwa hai. Silali. Nafikiri ni mimi nimemuua."

Alilia kwa sauti, machozi na kamasi. Kisha akamshika Adongo mikono yote miwili. "Lakini hatukujua, si ndiyo? Mungu anajua hatukujua."

Shemeji wakaacha maharagwe.

Adongo alifungua mdomo kusema, mimi nilijua. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Alimtazama huyu mwanamke aliyepiga magoti, mikono yake yenye joto, mtu pekee duniani ambaye usiku na mchana alikuwa anamlilia mwanamume yule yule. Akajua akiyatoa, Caren atasimama na kutoka, na safari hii hatarudi kamwe. Boma litabaki na nyumba mbili zilizofungwa, na yeye ndani ya moja, hana wa kumwambia "umeamkaje". Aliogopa kubaki peke yake. Ndiyo hofu ile ile iliyomfanya aiweke tembe kiganjani.

"Ndiyo, Caren," alisema. "Hatukujua."

Caren akamlalia mapajani, akashukuru, akashukuru tena. Shemeji mkubwa akafuta macho, akasema hakujawahi kuonekana mikayi mwenye moyo mkubwa kama huu.