Kikombe cha Sitini na Moja

Gaëlle alikodi ukumbi pamoja na vikombe vyake sitini, vyeupe, vyote vya ukubwa mmoja. Alivichagua kwa makusudi. Familia tisa za Watwa wa Kivu, waliohamia mitaa ya Troyeville na Malvern, ziliandaa Krismasi ya wazee na watoto wao, na mwaka huu ziliwaalika Wakongo wengine wa kanisani. Kwao Kivu, Mtwa alidharauliwa, hakuruhusiwa kunywea chombo kimoja na jirani asiye Mtwa. Alikuja na chake. Gaëlle, fundi cherehani, alitaka jambo moja tu: mchana ule asiwepo mtu mwenye chombo chake.

Mama yake, Thérèse, mwenye miaka themanini na moja, akafungua mkoba na kutoa kikombe cha bati cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni.

"Mama, rudisha hicho."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Vikombe viko sitini."

"Nimeviona. Vizuri. Hiki changu."

Héritière, msusi aliyekuwa akipakua wali, alicheka. "Mwache, Gaëlle. Hata vibaka wa Jules Street walishindwa na mkoba huo."

Gaëlle hakucheka. Alikuwa akitazama meza ya wageni. Marcellin, mzee wa kanisa na mlinzi wa ghala Midrand, alikuwa amekaa nusu saa mbele ya sahani iliyojaa. Alikunywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Wageni saba wa meza yake walikuwa wakimtazama yeye, na sahani zao pia zilikuwa zimejaa.

Thérèse alichota chai ya tangawizi sufuriani, akapiga funda moja, akaenda moja kwa moja kwenye meza ile.

"Marcellin, mtoto wa Bakiri."

"Ndiyo, mama."

"Unakijua hiki?"

Marcellin alikitazama. "Ninakijua."

"Baba yako alikuwa ananimiminia pombe ya ndizi humu. Hivi." Alinyoosha mkono na kurudisha kichwa nyuma, kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Mgeni mmoja alicheka, kisha akainamia sahani yake.

"Ni kweli," alisema Marcellin.

"Basi kunywa."

"Mama, docteur amenikataza sukari."

"Haina sukari. Muulize Gaëlle."

Gaëlle alikuwa amefika katikati ya ukumbi, akija kukichukua kikombe. Alisimama. Sukari ilikuwa kwenye bakuli, kila mtu ajitilie.

"Haina," alisema.

Marcellin alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakohoa.

"Eish! Kali."

"Maliza."

Alimaliza. Akakiweka mezani, akavuta sahani yake, akaanza kula. Jirani yake alikichukua kikombe kilekile, akaenda nacho kwenye sufuria. Baada ya hapo Gaëlle hakuweza kufuatilia kimepita kwa nani.

Saa kumi na moja jioni yeye na Héritière walihesabu vyombo kabla ya kuvirudisha. Beseni lilikuwa na vikombe sitini na kimoja. Gaëlle alikikausha kile cha bluu na kumpelekea mama yake, ambaye mkoba wake ulikuwa umeshafungwa.

"Kiache na vyombo vya ukumbi," alisema Thérèse. "Mwakani kodi hamsini na tisa."