Lalamiko Lililofutwa na Marehemu

Nchi ya Vilele haikuwa na barabara, na watu wake hawakuona kwamba wamepungukiwa. Kila ukoo ulikaa juu ya kilele chake, na kati ya kilele na kilele kulikuwa na bonde la miiba ambalo mtu mwenye haraka hakulipenda. Badala ya barabara walikuwa na mitungi. Mtungi ulifinyangwa kwa udongo wa buluu kutoka shimo la Mfalme, ukawekwa karibu na mlango, na mwenye nyumba akazungumza nao siku saba mpaka ukaijua sauti yake. Baada ya hapo, akilitaja jina la nduguye mdomoni mwa mtungi, nduguye humsikia kilele cha nane kutoka hapo kana kwamba wameketi mkeka mmoja.

Kwa kuwa mambo yote yalipita mtungini, posa, salamu za wagonjwa, ruhusa ya kufungua ghala, Mfalme wa kwanza alitunga sheria fupi, ikachongwa juu ya lango la mji mkuu: SAUTI NDIYO MTU. Anayesikika mtungini yupo. Asiyesikika hayupo. Sheria hiyo iliwafaa kwa miaka mingi, mpaka walipokuja Wauza Vifuniko.

Hakuna aliyejua wametoka wapi. Kilichojulikana ni kwamba asubuhi moja ya kiangazi mitungi ilianza kunong'ona, kila mmoja kwa mwenye nyumba yake tu: "Mtungi huu umeingiwa na mdudu. Usimwambie mtu. Tafuta kifuniko leo." Kabla ya adhuhuri, watu nadhifu wenye kanzu za kijivu walikuwa milangoni, wamebeba vifuniko vya ukindu vyenye muhuri wa Waziri wa Mitungi. Raia walinunua kimya kimya. Mdudu mtungini ni aibu. Huonyesha nyumba isiyofagiwa. Jirani alimficha jirani, na mke alimficha mume.

Mama yake Siwatu naye alinunua. Alikuwa mjane msafi kupita kiasi, na ile habari ya mdudu ilimuumiza. Hakumwambia hata bintiye huyo aliyekaa naye. Msimu wa palizi akaugua, akafa. Siwatu alimwosha kwa mikono yake, akamzika, kisha akasema habari za msiba mtungini ili zimfikie mdogo wake, Chausiku, aliyeolewa kilele cha mbali. Jibu halikuja. Siwatu alidhani mdogo wake amezidiwa na kilio.

Mwezi wa pili baada ya maziko, jua likiwa limeshapanda, Siwatu alikuwa anafagia karibu na mlango. Mtungi ukasema, "Siwatu, umeshakula?"

Ilikuwa sauti ya mama yake, na ule mkwaruzo mdogo wa mtu anayetaka kukohoa.

"Nimekula, mama," Siwatu alijibu, kabla hajakumbuka.

Ufagio ulimponyoka. Angepaswa kukimbia, badala yake alivuta kigoda akakaa. Kwa siku tatu alikaa pale. Sauti ilimuuliza kama anavaa kitu kizito asubuhi, kama paa linavuja, kama ghala lina mahindi mengi. Siwatu alijibu yote. Siku ya nne wapagazi walikuja wakalifungua ghala wakabeba kila kitu, na walipoulizwa walishangaa. "Mama mwenye nyumba ametuagiza mwenyewe," walisema. "Tumemsikia."

Siku ya tano Siwatu alisikia mtungi ukizungumza na mtu mwingine.

"Chausiku mwanangu," ulisema, "hamia kwangu. Mchukue mtoto, chukua mbegu, chukua kila kilichomo ndani. Siku ya gulio la Magadi nitakungoja pale njia panda."

"Usiende!" Siwatu alipiga kelele mtungini. "Chausiku! Mama amekufa!"

Lakini mtungi ulikuwa haupokei tena sauti yake. Ulisubiri anyamaze, kisha ukaendelea na mazungumzo yake. Kile kifuniko kipya cha mama kilitetemeka kwa kila neno; Siwatu alikivuta, lakini hakikumtii asiyekinunua.

Zilibaki siku tano kabla ya gulio la Magadi. Kwa Chausiku asingewahi; angemkuta ameshaondoka, na kule njia panda peke yake asingewaweza waliomwita. Lakini mji mkuu ulikuwa mwendo wa siku moja, na huko kulikuwa na Idara ya Ulinzi wa Wanunuzi, ambayo kwa neno moja tu ingeweza kukizima kifuniko popote kilipo. Ndiyo kazi waliyowekewa. Siwatu, ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani kulimtoa jasho, alijitwika mtungi kichwani akashuka bondeni.

Uwanja wa Idara ulikuwa na mstari wa watu uliozunguka jengo mara mbili. Wote walikuwa na mitungi, wote wameifunika kwa khanga, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu alisubiri kuingia kwenye chumba kidogo na kulitamka lalamiko lake ndani ya mtungi mkubwa wa serikali. Huo nao ulikuwa na kifuniko kizuri cha ukindu.

Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alipomsikiliza Siwatu mlangoni, alimtoa kwenye mstari.

"Lako halina fomu, binti. Nani alinunua kifuniko?"

"Mama yangu."

"Basi mlalamikaji ni mama yako. Yuko wapi?"

"Amefariki."

Karani alifunua daftari lake. "Hapa amezungumza jana asubuhi. Na juzi mara nne."

"Ndicho ninacholalamikia."

"Ninakuelewa." Alishusha sauti, akautazama mtungi wa serikali. "Ninakuelewa sana, binti. Lakini sheria inasema anayesikika yupo. Siwezi kupokea lalamiko la mtu aliyepo kutoka kwa mtu mwingine. Na wewe, kwa mujibu wa mtungi huu wako, husikiki. Ukitaka kusema kweli, hapa nazungumza peke yangu."

"Nipeleke kwa anayeweza, kaka. Mdogo wangu ataondoka na mtoto."

Karani aliandika kwenye kipande cha karatasi: Shauri gumu. Lifikishwe barazani.

Kesho yake baraza liliketi. Mfalme alikuwa mtu mpole, mwenye tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Kando ya kiti chake ulisimama mtungi mzee, nao una kifuniko.

"Malalamiko mangapi mwaka huu?" aliuliza.

"Hakuna, Mtukufu," alijibu Waziri wa Mitungi. "Mtungi wa serikali haujatoa hata moja. Raia wameridhika mpaka wamechoka kuridhika."

Karani alikohoa.

"Una kifua?" Waziri alimuuliza.

"Nina shauri, Mheshimiwa."

Siwatu alisukumwa mbele. Alizungumza akitazama sakafu, na mara mbili Mfalme alimwomba apaze sauti. Alieleza sauti ya mama yake, kifuniko, ghala, na Chausiku. Alipofika kwa Chausiku alishindwa, akasema tu, "Kikizimwa leo, atapona. Kikizimwa keshokutwa, sijui."

"Pole sana," alisema Mfalme, na alimaanisha. "Lakini tufanye mambo kwa utaratibu. Mama mwenyewe anasemaje?"

Waziri aliinama juu ya mtungi wa Siwatu. "Mama, unasikia? Uko mbele ya Mfalme."

"Nimesikia, Mtukufu," mtungi ulisema. "Msamehe mwanangu. Tangu zamani ni mtu wa huzuni, huogopa hata jirani. Kifuniko changu ni kizuri, kimenifaa sana. Mimi mnunuzi sina lalamiko lolote. Kama kuna shauri, nalifuta."

"Unaona?" Mfalme alimgeukia Siwatu, machozi yakimlenga. "Una mama mwema. Hata baba yangu marehemu huniambia hivyo hivyo kila asubuhi, kwamba kila kitu ni salama, kwamba vifuniko ni vizuri." Aliushika mtungi ule mzee uliokuwa kando yake kama mtu anavyoshika bega la mzazi. "Aliniambia mwenyewe niwape kibali wale watu. Bila baba nisingejua la kufanya."

Waziri, ambaye siku zote alidhani kibali kile ni wazo la Mfalme, alikuwa akikitazama kifuniko cha mtungi mzee, na rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Shauri limefutwa na mwenyewe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mtungi ubaki hapa kama ushahidi wa kuridhika."

Siwatu alitoka barazani, akarudi uwanja wa Idara mikono mitupu. Fundi viatu mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa karibu na mlango, alimpokea kwa kicheko.

"Haya dada, wamekuongezea kifuniko cha pili? Au umeambiwa urudi mwakani?"

Mstari ulicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Siwatu alitaka kupita kichwa chini, kama alivyopita maisha yake yote. Lakini Chausiku alikuwa na siku tatu tu.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Nilimwosha mimi. Na mtungi wake unaongea."

Kicheko kilikatika. Fundi viatu aliushika mtungi wake kwa mikono miwili.

"Mimi sijafa," alisema polepole. "Mnaniona, sijafa. Lakini mtungi wangu unaongea na wakwe kwa sauti yangu, na nikiongea mimi hawanisikii. Mwezi uliopita nimemwoza binti yangu. Sijui kwa nani."

"Usiseme," alisema mwanamke mmoja nyuma yake.

"Nisiseme nini, mama?"

"Kwangu ni mume wangu. Alizama mtoni mwaka jana. Ananiuliza kila asubuhi nimeficha wapi hati za shamba." Alijifunika uso. "Nilidhani ni mimi tu."

"Siku ya kwanza mtungi wako ulikuambiaje?" aliuliza fundi viatu.

"Usimwambie mtu."

"Na mimi hivyo hivyo. Usimwambie mtu."

Neno hilo lilishuka mstari mzima, kutoka mdomo hadi mdomo, likazunguka jengo mara mbili, na kila aliyelisikia alifunua khanga yake kuonyesha kifuniko kilekile. Fundi viatu aliketi chini.

"Siku tisa nimesimama hapa, namtazama huyu mama kisogo," alisema. "Siku tisa! Hata jina sijamuuliza."

"Mimi nakwenda Magadi," Siwatu alisema. "Kwa miguu, sasa hivi. Anayekwenda huko twende. Asiyekwenda anipe neno, nitalifikisha."

Walimpa maneno. Mwambie shemeji asifungue ghala. Mwambie bibi kwamba mimi ni mzima na sijamtukana. Kisha wakaona maneno ni mengi kuliko kichwa cha mtu mmoja, wakaanza kugawana njia: wewe wa kusini, wewe wa kilele cha mawe, mimi nitapita kwa wakwe zako. Mitungi ilibaki uwanjani ikiwaita kwa majina. Karani alitazama dirishani mpaka uwanja ulipobaki nusu. Akatoka, akautundika mshipi wa funguo kwenye shingo ya mtungi wa serikali, akavua viatu vya kazi, akawafuata wa kusini.

Habari ilipoingia mjini, mji nao ulianza kushuka mabondeni, maana kila mtu alikuwa na wake kileleni. Waziri aliondoka alfajiri ya pili. Siku ya tatu Mfalme aliamka akaomba maji.

"Naja, Mtukufu," ilijibu sauti ya mpishi.

Alingoja. "Waziri?"

"Nipo, Mtukufu," ilijibu sauti ya Waziri, karibu kabisa na kiti kitupu.

"Kuna malalamiko?"

"Hakuna hata moja."

Mfalme alipita vyumba vyote, na vyote vilimwamkia kwa adabu. Mwishowe alirudi kwenye mtungi mzee akaukumbatia. "Baba," alisema, "nina kiu."

"Tulia, mwanangu," ulimwambia. "Nchi imetulia."

Siku hiyohiyo Siwatu aliingia njia panda ya Magadi na watu kumi na wawili, miguu imechanwa na miiba. Chausiku alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, mtoto mgongoni, mtungi mapajani. Hatua chache kutoka kwake walisimama watu wawili wenye kanzu za kijivu na punda watatu wasio na mzigo. Walipouona msafara hawakukimbia. Waliwageuza punda wakaondoka taratibu, kama watu wenye kazi mahali pengine.

"Huyo si dada yako, Chausiku," mtungi ulisema. "Usimsikilize."

Siwatu alipiga magoti mbele ya mdogo wake. "Mama amekufa. Miezi miwili sasa. Nilikuita, hukusikia."

"Najua," alisema Chausiku.

Siwatu alimtazama.

"Sauti ilipoanza kuomba mbegu nilijua. Mama hakuwahi kuniomba hata kijiko. Alikuwa mtu wa kukupa chakula chake akasema ameshiba."

"Sasa umekuja kufanya nini, Chausiku? Na mtoto?"

"Ameniita, dada. Kila asubuhi ananiuliza kama mtoto amenyonya. Wewe ungekaa nyumbani?"

Watu kumi na wawili walitazama pembeni. Siwatu hakutaka kumdanganya.

"Nisingekaa," alisema.

"Chausiku," mtungi uliita kwa upole, na ule mkwaruzo. "Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya, mama," alijibu Chausiku, akakivuta kifuniko alichokinunua mwenyewe. Kilitoka na sauti kama ya kitambaa kinachochanika. Baada ya hapo mtungi ulikuwa udongo tu.

Mtoto aliamka akaanza kulia. Siwatu alifungua mbeleko, akamtoa mgongoni, akamlaza begani kwake.

"Mama amelala wapi?" Chausiku aliuliza.

"Nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Nitakupeleka."

"Ni mbali."

"Ni mbali."

"Utanieleza njiani alivyokufa? Yote, usinifiche?"

"Nitakueleza yote," alisema Siwatu, na kabla hawajaliinua gunia alikuwa ameshaanza.