Ziwa Lililopigwa X

Jumanne, saa nane mchana, Ngusa, kibarua wa mradi wa barabara, alipiga X nyekundu ya kubomolewa kwenye nyumba arobaini na moja, vibanda viwili vya chipsi, choo cha kanisa, na Ziwa Viktoria. Alikuwa ameambiwa apige X kila kitu kilicho ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji, na hakuna aliyemwambia ni upande upi. Ngusa si mtu wa kuuliza maswali akiwa na kopo la rangi mkononi. Alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akachora X moja kubwa juu ya maji, karibu na pale wanawake wanapooshea dagaa. Chini yake aliandika SIKU 30, kama kwingine kote. Kufikia alasiri rangi ilikuwa imekauka.

Mwaisha, afisa mipango miji wa mradi, aliiona kesho yake asubuhi akienda kunywa chai. Alikuwa mzaliwa wa Ngokolo, Shinyanga mjini, mtoto wa wauza vitenge, na miezi minane sasa alikuwa akiuchora upya mwalo wa wavuvi wa Nyamigogo: barabara ya lami, njia ya waenda kwa miguu, mitaro mipana, na ukuta wa mawe wa kulizuia ziwa, ambalo lilikuwa limeingia sokoni mara mbili ndani ya miaka minne. Aliipenda ile mitaro kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Shida ilikuwa moja tu. Barabara kuu ilipita katikati ya jiko la Mama Limi, na kwa Mama Limi ndiko alikokuwa akila kila siku.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule michembe, viazi vimekauka vizuri, nimevipika na karanga." Mama Limi, ambaye kanisani huitwa Bernadina, alikuwa akigeuza dagaa kichanjani huku X ya nyumba yake ikiwaka nyuma yake. "Hiyo barabara yako haiwezi kukunja kidogo tu?"

"Niliomba, mama. Leo naomba tena."

Aliomba tena. Mhandisi Theonest, mkuu wake, alikunjua ramani ya msingi mezani. "Nionyeshe nyumba ya huyo mama." Pale penye nyumba palikuwa peupe. Zote arobaini na moja zilikuwa weupe mtupu, kwa kuwa ramani ilichorwa kabla watu hawajahamia mwaloni, na hakuna aliyerudi kuwaongeza. "Siwezi kupinda barabara kwa ajili ya karatasi tupu," akasema Theonest, tena kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya.

Ziwa liliichukulia ile notisi kwa uzito kuliko wengine. Alhamisi lilianza kukusanya matete yake. Wiki ya pili, ulimi wa maji ulipanda mlima taratibu hadi ofisi ya mtaa, ukasubiri barazani nyuma ya watu wawili, kisha ukaomba barua ya uhamisho. Mtendaji, dada mmoja anayeitwa Juliana, alijaza fomu, akauliza wanaohama ni wangapi, akaandika "wengi", akagonga muhuri. Aliyelalamika ni mfagiaji peke yake, kwa kuwa ndio kwanza alikuwa amemaliza kupiga deki.

Siku ya ishirini na nane ziwa likahama. Lilikwenda mita mia tatu na samaki wake wote, na mitumbwi ikalifuata. Mwaisha alipima kwa futi kamba mara tatu, kisha akakimbia hadi ofisini viatu mkononi. Furaha ilimjaa hata akasahau kusalimia.

"Mhandisi, nyumba zote sasa ziko nje ya mita sitini! Ukuta wa nini tena?"

"Wa kuzuia maji."

"Maji yameshaondoka. Yana barua."

Theonest alitafakari kidogo. "Unaona? Haujajengwa, na tayari unafanya kazi."

Jumamosi watu waliitwa kugawiwa viwanja mbadala. Mama Limi alivaa kitenge kipya na kukaa mstari wa mbele. Theonest akasoma orodha, ambayo ilitolewa kwenye ramani: Kitalu C, namba moja, Ziwa. Akakunja karatasi. Mama Limi akaomba isomwe tena, huenda kurasa zilikuwa zimegandana. Ikasomwa tena, polepole. Hazikuwa zimegandana. Katika wote waliopigwa X, ziwa peke yake ndilo lililokuwemo kwenye ramani.

Mwaisha aliona aibu hadi masikio yakamuwaka moto.

Barabara ilipita, imenyooka, na ni barabara nzuri. Mitaro yake haijafurika hata siku moja. Mama Limi alibeba mabati na vichanja vyake, akashuka hadi Kitalu C, ziwa lilikohamia, kumpigia hodi jirani yake wa zamani. Ziwa likasogea kidogo, likamwachia ukanda mkavu wa kutosha chumba kimoja, jiko na vichanja sita. Wengine wakafuata, na redio zao, na ugomvi wao wa ndoo. Dagaa hukauka upesi kule kwa sababu ya upepo, na Mama Limi huwaambia wateja kwamba hajawahi kupata mwenye nyumba mstaarabu kama huyu.

Mwezi uliopita Ngusa alitokea na kopo lake. "Kuna watu wanaishi kwenye kiwanja cha ziwa bila kibali," alieleza, akionyesha karatasi.

"Najua umetumwa tu," alisema Mama Limi. "Kula kwanza."

Alikula sahani mbili. Kisha akasimama, akaanza kutafuta mahali.

"Hapo ukutani pana moshi, rangi haitashika," Mama Limi alimwambia. "Piga mlangoni."

Mlango ulikuwa ukichezacheza kwa upepo, ikabidi Ngusa aushikilie kwa mkono mmoja. Mwaisha alikuwa amekaa hapo karibu, anamalizia chai yake. Akainuka, akamshikia kopo.